Tembo Aliyenyamaza

Siku Lowell Vandermeer alipomwambia Maxine Pruitt, "Huenda uko sahihi," Maxine nusura aliingize gari kwenye shamba la mahindi.

Si kwamba hakuwa sahihi. Maxine alikuwa sahihi mara nyingi, na hakuwa mtu wa kuificha. Ila kwa miaka kumi na moja walikuwa wakipanda gari moja kila majani yalipoanza kupukutika, na katika miaka yote hiyo Lowell hakupata kumkubalia jambo lolote, hata la saa. Maxine akisema ni saa tisa, Lowell huinua mkono, huitazama saa yake, kisha hutangaza kuwa ni saa tisa kasoro dakika mbili.

"Unasemaje?" aliuliza Maxine, akirudisha magurudumu barabarani.

"Nasema huenda uko sahihi."

"Katika lipi?"

"Katika hilo ulilosema. La kodi ya shule." Lowell akageukia dirishani. "Tazama maboga ya akina Hruska. Mwaka huu yamenenepa kweli."

Maxine akamtupia jicho la pembeni. Alikuwa Lowell yule yule, kofia ya sufu ya kahawia imeshuka hadi kwenye nyusi, chupa ya kahawa mapajani, mikono mikubwa ya mtu aliyetengeneza tanuri za kupashia joto nusu ya nyumba za kaunti. Mgonjwa hakuonekana. Ulevi haukuwa kawaida yake. Sasa kapatwa na nini?

Afadhali niseme jinsi wawili hawa walivyoingia ndani ya gari moja, maana kwa hiari yao wasingeingia. Kwetu Bascom asiyetaka kungoja siku ya uchaguzi anaijaza karatasi yake ya kura nyumbani, kisha anakwenda kuitumbukiza kwenye sanduku la chuma lililowekwa mbele ya zimamoto, au maktaba, au ghala la nafaka, au kanisa la Walutheri. Wiki tatu nzima, kila alasiri, masanduku hayo manne hufunguliwa na kura zikapelekwa ofisini mjini. Na sheria inataka wafunguaji wawe wawili. Mmoja atoke chama cha Democratic, ambacho nembo yake ni punda, na mwingine atoke chama cha Republican, ambacho nembo yake ni tembo. Wapande gari moja, wasiachane, na wakishaokota kura ya kwanza wasisimame popote pasipo sanduku mpaka mfuko wa kura ufike ofisini. Sheria haimwamini Punda peke yake na kura, wala haimwamini Tembo. Inawaamini wakiwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja atamlinda mwenzake kama anavyolindwa paka jikoni.

Maxine alikuwa Punda tangu enzi za babu yake. Lowell alikuwa Tembo wa kuzaliwa. Mwaka wa kwanza walizozana kuanzia zimamoto mpaka kanisani, na kesho yake wakaendelea pale pale walipoachia.

"Shukrani ya punda ni mateke," Lowell alizoea kusema, kila chama cha Maxine kilipopandisha bei ya kitu.

"Na tembo hashindwi na mkonga wake," Maxine alizoea kujibu. "Huu wa kwenu mbona umewashinda?"

Walibishana juu ya barabara, hospitali, mpaka wa kusini, bei ya maziwa. Mwaka wa sita walibishana siku mbili mfululizo kama ni halali mtu kuwasha taa za Krismasi kabla ya Siku ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, mpaka siku ya tatu wakagundua kwamba wote wawili wanasema si halali. Hilo halikuwazuia kuendelea.

Sasa usidhani Maxine alichoshwa na hayo. Huyu mama aliendesha basi la shule miaka thelathini na miwili, watoto sitini wakimpigia kelele kisogoni asubuhi na alasiri, na siku alipostaafu alisema ataufaidi ukimya. Aliufaidi mpaka Jumatano. Mume alikuwa naye zamani, akaenda Arizona kutazama kiwanja na hajamaliza kukitazama. Watoto hakujaliwa. Nyumbani mlikuwa na redio na paka aitwaye Seneta, na hapakuwa na hata kimoja kilichomjibu alichouliza. Wengine huhesabu mwaka kwa Krismasi au kwa siku za kuzaliwa. Maxine aliuhesabu kwa zile wiki tatu. Hata miaka ya kuchagua mkuu wa mifereji tu, ambapo watu arobaini hupiga kura na kumi kati yao hujuta, yeye alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Ndiyo maana lile "huenda uko sahihi" lilimkosesha usingizi.

Kesho yake aliamua kumpima. Kama kawaida walisimama kwanza kwenye shamba la matufaha la akina Hruska, kabla ya sanduku la kwanza, kula donati za tufaha zikiwa bado moto. Upande wa pili wa barabara watoto walikuwa wakipotea kwa makusudi ndani ya mahindi yaliyokatwa vijia vya kuzungukazunguka.

"Nimesikia mgombea wenu wa ugavana amesema uongo tena," alianza Maxine.

Lowell alitafuna. Mshipa ulimtuna shingoni. "Mm," alisema.

"Mkubwa kuliko ule wa mwezi uliopita."

"Donati za leo zina mdalasini mwingi," alisema Lowell, na machozi yakamlengalenga.

Maxine akajua mambo yameharibika. Waliporudi alizunguka makusudi kupitia mtaa wa Lowell. Kila mwaka, mbele ya nyumba ile, kati ya maboga mawili yaliyochongwa meno, husimama bango la Tembo lenye ukubwa wa mlango wa banda. Safari hii maboga yalikuwapo, tena yakichekelea. Bango halikuwapo.

Amehama, Maxine aliwaza. Mzee huyu amehamia kwetu.

Punda mwingine yeyote angepiga vigelegele. Tembo mmoja kuhama zizi si jambo la kila siku, na Maxine mwenyewe alikuwa amemwaga maneno ya miaka kumi na moja akiitafuta siku hiyo. Lakini alipofika nyumbani aliketi jikoni bila kuvua koti, na moyo wake ulikuwa mzito. Alijua sheria kuliko walioiandika.

Asubuhi alimwendea karani wa kaunti, Renata Bloch, mwanamke kijana mwenye kalamu mbili nyweleni na subira ya mtu anayejibu simu za wapiga kura mchana kutwa.

"Nauliza tu," alisema Maxine. "Mtu wa masanduku akibadili chama, inakuwaje?"

"Timu inavunjika, Bi Pruitt. Majina tunaletewa na vyama. Kama Bwana Vandermeer..."

"Sijataja mtu."

"Kama huyo ambaye hujamtaja amehama, basi mwakani Tembo watatuletea mwingine. Bwana Gebhardt ananipigia kila wiki kuuliza kama kuna nafasi."

"Thurman Gebhardt?"

"Ana hamu sana."

Maxine alishawahi kupanda gari na Thurman Gebhardt siku moja, Lowell alipokuwa na mafua. Thurman alikata kucha za mkono wa kulia kuanzia zimamoto hadi maktaba, na za kushoto kuanzia maktaba hadi ghalani. Siasa hakuzungumza kabisa. Alizungumzia magoti yake. Maxine akamshukuru Renata, akatoka nje, akasimama kwenye ngazi majani mekundu yakimwangukia begani. Akaamua kwamba kama Lowell amepotea njia, yeye atamrudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi hiyo, kwenye tamasha la mavuno, watu wa Bascom walimwona Maxine Pruitt akikatiza mbele ya meza ya Tembo mara tatu, amejifunga kitambaa mpaka puani kama mwizi wa kuku. Mara ya nne alinyakua vipeperushi vyao vyote vya mbele na kuvitia kwenye kikapu, chini ya maboga madogo. Usiku alivisoma kitandani, Seneta akimtazama kwa dharau. Vingine ilibidi avisome kwa sauti ndipo vishuke.

Jumatatu, walipokuwa wametoka tu zimamoto, alikohoa na kuanza.

"Unajua, Lowell, nimekuwa nikifikiri. Tembo nao wana hoja zao."

Lowell aligeuka polepole. "Nani?"

"Tembo. Katika habari hii ya kodi. Maana ukimpunguzia kodi tajiri, yeye... pesa inamzidi, basi inamdondoka, na wa chini anaiokota."

Lowell alifungua mdomo. Akaufunga. Akafungua chupa ya kahawa, akanywa, akaifunga.

"Mm," alisema.

"Na serikali ndogo! Serikali ndogo ni nzuri kwa sababu... haichukui nafasi."

Kutoka upande wa abiria ilitoka sauti kama birika linalokaribia kuchemka. Maxine akadhani ni dalili njema, mtu anayeanza kukumbuka kwao. Siku nne mfululizo akamtetea Tembo kwa nguvu zake zote, pembe na mkonga, mbele ya Tembo mwenyewe, naye Lowell akizidi kuwa mwekundu na akizidi kutazama maboga. Jioni Maxine alirudi nyumbani akijinawisha mdomo kwa chai ya tangawizi. Babu yake, alijua, alikuwa akigeuka kaburini kama kuku kwenye mshikaki.

Ijumaa ilikuwa Halowini. Ofisini kila mtu alikuja na vazi lake, maana jioni watoto wangepita nyumba hadi nyumba wakidai peremende na wakubwa hawapendi kupitwa. Renata alikuwa mchawi, na zile kalamu mbili zilitokeza chini ya kofia. Mlinzi alijifunga bendeji kama maiti wa Misri. Lowell alikuja amevaa kofia yake ya kila siku na kusema amekuja kama Lowell.

Ndipo mlango ukafunguka, akaingia tembo.

Masikio yalikuwa ya foronya. Mkonga ulikuwa soksi ndefu ya kijivu iliyoshindiliwa pamba, umening'inia hadi kiunoni na kumpiga Maxine tumboni kila alipopiga hatua. Kwenye shavu alikuwa amejichora bendera ndogo.

"Bi Pruitt," alisema Renata, akifunga macho. "Tafadhali vua."

"Kwa nini? Ni Halowini."

"Ndani ya ofisi ya kura hairuhusiwi alama ya chama chochote. Huo ni mkonga. Hiyo ni kampeni."

"Kampeni gani, mwanangu? Mimi ni Punda!"

"Hilo ndilo linalonichanganya, mama yangu. Lakini sheria haiulizi nani kavaa. Inauliza kavaa nini."

Maxine aliuvua mkonga, akaukunja kwapani kwa heshima zote zilizobaki, akatangulia garini. Lowell alimfuata. Walifunga milango. Waliendesha mpaka uwanja wa zimamoto, wakasimama mbele ya sanduku la kwanza, na hapo Maxine akasikia kiti cha pembeni kikitetemeka. Lowell alikuwa akicheka. Alicheka kofia ikamdondoka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa sikio la foronya.

"Maxine," alisema alipopata pumzi, "unaumwa?"

"Nani, mimi? Wewe ndiye mgonjwa! Wiki mbili unaniambia 'mm' na 'huenda'. Bango hujaweka. Nakutukania mgombea wako, unanisifia mdalasini. Kama umehama, sema umehama!"

"Nimehama wapi?"

"Umekuja kwetu!"

Lowell alimkodolea macho. "Kwa Punda? Mimi? Bibi wee, afadhali niimeze hiyo soksi na pamba yake."

"Kumbe?"

"Ngoja kwanza. Ina maana wiki hii yote... zile habari za serikali haichukui nafasi... ulikuwa unanirudisha?"

"Ukihama watanipa Thurman Gebhardt," alisema Maxine, na hakutarajia sauti yake itoke vile, nyembamba. Akautazama usukani. "Sikutaka Thurman. Nakutaka wewe, na ubishi wako."

Lowell aliiokota kofia yake, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Tangu nizaliwe," alisema, "sijasikia chama changu kikitetewa vibaya namna ile. Ulipofika kwenye tajiri kudondosha pesa, nilitaka kulia." Kisha uso wake ukatulia. "Ni Karin."

Karin alikuwa binti yake wa pekee, anayekaa umbali wa saa moja na mumewe Neil na mtoto wao Juniper, wa miaka minne. Maxine alijua kuwa mwaka jana Lowell alirudi mapema kutoka chakula cha Siku ya Shukrani. Hakujua kwa nini, na sasa akaambiwa. Neil alikuwa amesema jambo juu ya uchaguzi, Lowell akamjibu, Neil akajibu jibu, na kabla bata mzinga hajakatwa Lowell alipiga meza kwa ngumi. Ngumi ilitua kwenye upawa, upawa ukaruka, na mchuzi wote ukammwagikia mama yake Neil kifuani.

"Mchuzi si hoja," alisema Lowell. "Mchuzi unafuliwa. Ni mtoto. Alilia mpaka akapaliwa. Na tangu siku hiyo nikienda pale anajificha nyuma ya mama yake. Mimi, Maxine. Babu yake. Ananitazama kama mimi ndiye zimwi la Halowini."

Maxine akazima injini.

"Karin ameniambia, 'Baba, mwaka huu ukija, siasa uiache barazani pamoja na viatu. Ukishindwa hata mara moja, tutakula Shukrani bila wewe, mwaka huu na mwakani.' Basi nikaona nifanye mazoezi. Kama naweza kunyamaza ndani ya gari moja na wewe, naweza kunyamaza mbele ya kiumbe chochote alichoumba Mungu."

"Na bango?"

"Karin alimleta Juniper kuchonga maboga. Nikaling'oa."

Walifungua sanduku, wakahesabu, wakatia kura mfukoni, wakaweka lakiri, wote wawili wakatia saini. Waliporudi garini Maxine akaketi wima kama zamani zile za basi, alipokuwa na jambo la kuwaambia watoto.

"Mazoezi yenyewe unafanya vibaya," alisema. "Unatuna kama chura. Mtoto ataona tu. Ukihisi neno linakuja, sema, 'Nipitishie viazi.'"

"Viazi?"

"Mezani si kutakuwa na viazi vya kuponda? Neno likifika kooni, omba viazi. Haya. Tembo wenu wameharibu nchi hii tangu siku ya kwanza."

Shingo ya Lowell ikaanza kuvimba. "Nani aliyeharibu? Nyie ndio..."

"Mtoto analia!"

Lowell alifumba macho. "Nipitishie viazi," alisema kwa taabu.

Siku zilizobaki Maxine aliacha kumtetea Tembo, na ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana. Alimshindilia Lowell yote aliyokuwa nayo, mapya na ya akiba. Alimtukania mgombea wa ugavana, akamtukania seneta, akamtukania hata rais aliyekufa ambaye picha yake Lowell alikuwa ameitundika gerejini. Kati ya maktaba na ghala Lowell aliomba viazi mara tisa. Jumapili alishindwa mara mbili, Jumatatu mara moja. Jumanne yenyewe ya uchaguzi, siku ya mwisho, walizunguka masanduku yote manne na hakuteleza hata kidogo. Sauti yake ilikuwa laini, na uso umetulia kama wa kasisi.

"Umefuzu," Maxine alimwambia walipokabidhi mfuko wa mwisho.

"Nina mwalimu mkali," alisema Lowell. Akavua kofia, akaivaa tena, akaenda zake.

Maxine alibaki ndani ya gari akitazama kiti kitupu, na ndipo alipoona alichofanya. Alimfundisha jogoo wake asiwike, tena kwa bidii. Mwakani watapanda gari hili hili, Lowell atatazama maboga, na kila atakachosema Maxine ataombwa viazi.

Matokeo yalitoka. Tembo walichukua hiki, Punda walichukua kile, na kila upande ukasema wananchi wamezungumza. Miaka mingine yote, asubuhi baada ya uchaguzi, simu ya Maxine hulia kabla hajachemsha maji, na Lowell akawa upande wa pili ama akitamba ama akidai kura zihesabiwe upya. Asubuhi hii Maxine alivuta kiti karibu na simu. Alikunywa kahawa vikombe vitatu. Ilipofika adhuhuri alikirudisha kiti mahali pake.

Wiki tatu zikapita. Miti ikabaki mifupa. Mabango yaling'olewa, maboga ya Halowini yakalainika barazani na kuliwa na kindi, na watu ambao mwezi uliopita hawakusalimiana wakaanza kuulizana nani analeta pai ya nini. Alhamisi ya Shukrani ilipofika, Maxine alioka mapaja mawili ya kuku, moja lake na moja la Seneta, akala saa nane akisikiliza gwaride la sikukuu redioni. Gwaride la redioni si gwaride. Akaosha sahani moja. Akamwambia paka kwamba Tembo watajutia bajeti yao ya barabara, na paka akaenda kulala.

Mara akasikia breki nje.

Lowell alikuwa amesimama barazani amevaa suti, tai imelegea, mkononi sahani kubwa iliyofunikwa karatasi ya alumini. Uso wake ulikuwa mwekundu kama tufaha.

"Maxine," alisema. "Nitapasuka."

"Umeteleza?"

"Sikuteleza! Neil alisema yote. Yote, Maxine! Kodi, mpaka, majaji. Alisema mgombea wetu hawezi kuendesha hata kibanda cha kuuzia juisi ya ndimu. Na mimi nikasema nipitishieni viazi. Mara kumi na nne."

"Umekula viazi mara kumi na nne?"

"Sijapata kushiba namna hii toka nizaliwe." Akashusha pumzi, na uso wake wote ukabadilika. "Juniper alikaa mapajani pangu. Alikuja mwenyewe. Aliona nashindwa kumaliza viazi, akasema atanisaidia, akala na kijiko changu. Halafu akalala hapa." Akagusa bega la suti, palipokuwa na doa la mchuzi lenye ukubwa wa shavu la mtoto. "Saa nzima alilala. Sikusogea hata kidole."

Maxine alilitazama lile doa. Machozi yalimjia na hakuyazuia. "Na umetoka huko kote bila hata kungoja pai?"

"Pai nimeibeba. Nimewaambia kuna mtu lazima nikamwone." Lowell akainyoosha sahani. "Yote niliyoyameza nimekuja nayo. Hakuna mwingine wa kumwambia. Ukimwambia Tembo mwenzio anakubali tu. Raha gani hiyo?"

"Basi ingia. Ntabandika kahawa."

Lowell alichungulia sebuleni, akaona kochi lenye maua, saa ya ukutani, paka. Akatikisa kichwa. "Humu siwezi. Sijazoea."

Maxine akamwelewa papo hapo. Alichukua koti, uma mbili na funguo. Waliingia garini mbele ya nyumba, yeye kwenye usukani, Lowell mahali pake, na ile pai ya maboga wakaiweka katikati, pale mfuko wa kura unapokaa kila mwaka. Jua lilikuwa limeshuka juu ya mashamba yaliyovunwa. Maxine alifunga mkanda, akageuka, akamtazama mzee huyu aliyefura kwa maneno.

"Haya," alisema. "Saa kumi hii. Una muda mpaka giza liingie."

Lowell Vandermeer akainua mkono, akaitazama saa yake.

"Saa kumi kasoro dakika mbili," alisema.

Maxine akawasha gari.